Taa ya mafuta imewaka baada ya Mikumi: je, dizeli iliyobaki itafika Iringa?

Swali: "Naendesha semi kati ya Dar es Salaam na Tunduma, tani 50 pamoja na mzigo. Ina matangi mawili ya lita 400 kila moja, na la pili lilichongwa gereji baada ya lile la awali kutoboka. Tajiri ananijazia lita 250 Dar kwa hesabu ya kilomita mbili kwa lita, kisha naongeza Iringa kwenye sheli tuliyo na mkataba nayo. Taa ya mafuta huwaka nikishapita Mikumi, na kwa kawaida nafika. Safari iliyopita gari ilizima katikati ya mlima Kitonga. Utingo alipochovya fimbo, kila tangi lilikuwa na sentimita tano za dizeli. Tajiri anasema nimeuza mafuta, fundi anasema nimeua pampu. Kwa nini gari ilizima na mafuta yapo? Taa ikiwaka nina kilomita ngapi? Na je, ni kweli kuishiwa dizeli kunaua pampu, au ni vitisho vya mafundi?"

Ndugu dereva, pole kwa kulala Kitonga, maana hakuna mahali pabaya pa kuzimikiwa na gari lenye mzigo kama pale. Umeuliza maswali matatu, lakini yote yanatoka kwenye dhana moja ambayo wewe, tajiri wako na pengine fundi wako mnaiamini bila kuisema, kwamba dizeli ikiwa imo tangini, basi injini inaweza kuitumia. Sivyo. Injini hutumia dizeli inayofika kwenye mdomo wa bomba la kufyonzea, na kati ya hiyo na dizeli iliyomo tangini kuna tofauti ambayo kwenye barabara tambarare huioni, ila mlimani inakusimamisha.

Chukua tangi lako moja. Tangi la mraba la lita 400 huwa na vipimo vinavyokaribia sentimita 60 kwenda juu, 60 upana na 110 urefu. Sakafu yake ni sentimita za mraba 6,600, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 6.6. Bomba la kufyonzea haligusi sakafu. Huachwa juu kidogo kwa makusudi, ili maji na takataka zilizotulia chini zisiende moja kwa moja kwenye chujio. Tuseme limeachwa sentimita tatu, jambo la kawaida. Hizo ni lita 20 katika kila tangi, lita 40 kwa matangi mawili, ambazo gari halitazigusa hata likiwa limesimama kwenye uwanja wa mpira. Kila safari unakuwa nazo, na hazikusaidii kitu.

Sasa panda Kitonga. Kwenye mwinamo wa asilimia 8, yaani mita 8 juu kwa kila mita 100 za mbele, uso wa dizeli hubaki sawa na upeo wa macho ilhali tangi limeinama. Katika tangi lenye urefu wa sentimita 110, ncha ya mbele na ya nyuma hutofautiana kwa karibu sentimita tisa. Dizeli yenye kina cha sentimita tano barabarani tambarare itakuwa na zaidi ya sentimita tisa upande wa nyuma, tano katikati, na chini ya sentimita moja upande wa mbele. Ikiwa bomba lako limefungwa mbele, mdomo wake uko hewani, kama mrija kwenye dafu lililoinamishwa upande usio wake. Mdomo wa kujazia kwenye matangi mengi uko karibu na katikati, ndipo utingo alipochovya fimbo na kukuta sentimita tano. Alipima sawasawa. Sentimita tano ni lita 33, na kwa matangi mawili ni lita 66, ambazo zote zilikuwepo na hakuna hata moja iliyofikika.

Kona huongeza tatizo, na breki pia, kwa sababu dizeli kidogo katika tangi pana hukimbia huku na huko na kuacha mdomo wa bomba wazi kwa sekunde moja moja. Tangi la kiwandani mara nyingi lina kuta za ndani zenye matundu za kuzuia mawimbi hayo. Tangi la kuchonga huenda halina. Hapa ndipo ninapotaka uliangalie lile la pili kwa makini, kwa sababu fundi wa kuchomelea hufikiria lisivuje na liingie kwenye mkanda wake, na mara nyingi haulizi bomba lilikuwa wapi kwenye lile la awali wala liliishia umbali gani kutoka sakafuni. Vilevile angalia bomba linalounganisha matangi na lile linalorudisha dizeli isiyotumika kutoka kwenye injini. Kama muunganisho umeziba, au kama marejeo yote yanamwagwa upande mmoja huku injini ikifyonza upande mwingine, gari linaweza kuzima kwa njaa huku tangi la pili lina dizeli ya kutosha.

Kilomita ngapi, basi? Ungekuwa na gari dogo ningekupa namba moja na tahadhari. Kwa tani 50 lazima nikupe mbili. Malori mengi huwasha taa mafuta yakibaki karibu sehemu ya kumi ya ujazo, ambayo kwako ni lita 80 hivi. Kwenye tambarare, ondoa zile 40 zisizofikika, zinabaki 40, na kwa kilomita mbili kwa lita unapata kilomita 80. Kwenye mwinamo wa asilimia 8, lita zisizofikika zinapanda hadi zile 66 alizopima utingo, au zaidi, kwa hiyo zinabaki 14 tu kwa wingi, na hizo 14 haziendi kilomita mbili kwa lita hata kidogo. Kunyanyua tani 50 kwa mita 100 kwenda juu, kwa injini nzuri, kunagharimu karibu lita tatu na nusu kwa kazi ya kunyanyua peke yake. Kilomita moja ya mwinamo huo ni mita 80 za kunyanyua, na ukiongeza msuguano wa matairi unafika lita tatu kwa kilomita. Lita 14 hazikufikishi kilomita tano. Taa ni ileile, lori ni lilelile: kilomita 80 au kilomita tano, kutegemea limeelekea wapi.

Ndiyo maana "kwa kawaida nafika" haikupi uhakika wowote. Safari zile ulizofika, huenda mzigo ulikuwa mwepesi kidogo, au mabaki tangini yalikuwa mengi, au hukusimama kwenye foleni na injini inanguruma, jambo linalokula lita mbili au tatu kwa saa bila kusogea. Ulikuwa unapita kwenye ukingo, na safari hii ukingo ukaisha.

Hesabu ya tajiri nayo ina kasoro ambayo ningependa umwonyeshe kwa upole. Dar hadi Iringa ni kilomita 500 hivi. Akigawa kwa mbili anapata 250, na anaona amekamilisha. Lakini Dar ipo usawa wa bahari na mji wa Iringa upo karibu mita 1,500 juu. Kunyanyua tani 50 hadi kimo hicho kunakula zaidi ya lita 50, yaani sehemu ya tano ya mafuta yote aliyokupa, kabla hatujahesabu umbali. Ile kilomita mbili kwa lita, kama ni wastani wa kwenda na kurudi, basi imechanganya safari ya kupanda na mzigo na safari ya kushuka ukiwa mtupu au nusu mzigo. Wastani huo ni halali kwa vitabu vya mwisho wa mwezi. Kwa safari ya kupanda, hesabu hiyo inadanganya.

Kuhusu tuhuma ya kuuza mafuta, sikuwepo na siwezi kuapa kwa niaba ya mtu, lakini namba zinakutetea. Ikiwa uliondoka Dar na mabaki ya kawaida ya lita 40, ukaongezewa 250, ulikuwa na 290. Kitonga zilibaki 66. Zilizotumika ni 224 kwa kilomita takribani 430, yaani kilomita 1.9 kwa lita, na semi ya tani 50 iliyokwisha kuanza kupanda haiwezi kulaumiwa kwa hilo. Aliyeuza mafuta mengi angekwama kabla ya kufika Kitonga.

Tuje kwenye pampu. Fundi wako hakosei kwa jumla, ila amekimbilia hukumu. Tofautisha injini mbili. Zile za zamani zenye pampu ya nozeli ya kawaida, ambazo madereva wakongwe wanazisifu kwamba zikiishiwa unapiga pampu ya mkono, unatoa hewa na kuondoka, kweli zilikuwa zinavumilia. Pampu nyingi za aina hiyo hulainishwa na oili ya injini, na hewa ikiingia tatizo kubwa ni kwamba nozeli hazifunguki, kwa sababu hewa hubanika na dizeli karibu haibaniki. Ukishaitoa, imekwisha. Injini za sasa za komon reli (common rail), ambazo pampu moja hujaza bomba la pamoja linalolisha nozeli zote, ni habari nyingine. Pampu yake hufikisha shinikizo la baa 1,600 na zaidi, wakati tairi la lori halizidi sana baa 8, na sehemu zake za ndani, zilizosagwa kwa usahihi wa ajabu, mara nyingi hulainishwa na kupozwa na dizeli yenyewe. Zikizunguka na hewa badala ya dizeli, chuma kinasugua chuma. Sekunde chache za mara moja kwa kawaida haziui. Kinachoua ni mazoea, na zaidi ya mazoea ni kupiga starta dakika nzima pampu ikiwa kavu kwa matumaini kwamba itajivuta yenyewe.

Dizeli kidogo pia huwa na joto zaidi. Ile inayorudi kutoka kwenye injini ni ya moto, na tangi lililojaa huipoza kwa wingi wake. Lita 60 zinazozungushwa tena na tena hazina uwezo huo, na dizeli ya moto huwa nyepesi na hulainisha vibaya. Kuhusu uchafu, watu husema tangi likikaribia kwisha gari hufyonza takataka za chini. Hili ni kweli nusu. Bomba hufyonza kutoka chini siku zote, hata tangi likiwa limejaa. Tofauti ni kwamba maji yaliyotulia sakafuni, yakichanganyika na dizeli ndogo inayorushwarushwa, huinuka na kuingia bombani. Tangi linaloendeshwa tupu kila siku hukusanya maji mengi zaidi, kwa kuwa hewa yenye unyevu hujaza nafasi, na unyevu huo hugeuka kuwa matone usiku wa baridi wa Iringa au Makambako.

Kuna jambo hukuuliza, lakini nalijua kwa sababu kila dereva anayebana mafuta hulifikiria: kushuka mlima kwa frii, yaani bila gia. Usifanye. Kwenye injini za sasa, ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta hukata dizeli kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inahitaji dizeli ili isizime. Kwa hiyo frii inakula zaidi, na inakunyima breki ya injini kwenye mteremko ambao breki za matairi peke yake haziuwezi. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ili ifike mbali nako ni kuilisha pampu kitu kisicholainisha; silijadili zaidi.

Likizima tena mlimani, usalama kwanza, kwa sababu injini ikisimama kompresa ya upepo nayo imesimama na usukani umekuwa mzito. Upepo uliomo kwenye mitungi unatosha breki chache tu. Usijaribu kulirudisha nyuma ili ukae vizuri. Vuta breki ya mkono, utingo aweke kabari nzito nyuma ya matairi ya kichwa na ya tela, na pembetatu ziwekwe mbali, juu na chini ya kona, kabla ya mtu yeyote kugusa tangi. Kisha ongeza dizeli ya kutosha. Dumu moja la lita 20 lililoletwa na bodaboda huinua kina kwa sentimita tatu tu, na ni chini ya hapo likigawanyika kwenye matangi mawili, na sehemu yake huishia kujaza mabomba na chujio. Ukifanikiwa kuwasha utazimikiwa tena kwenye kona inayofuata. Lita 60 hadi 80 ndiyo kiasi cha maana hapo.

Baada ya kujaza, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kichwa cha chujio, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, funga, endelea kupiga mpaka iwe ngumu. Hapo ndipo upige starta, sekunde 15 hivi kwa mara moja, kisha uipumzishe dakika mbili. Ikigoma baada ya majaribio manne au matano, acha, ita fundi aje. Kwenye injini ya zamani mafundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli ili hewa itoke. Kwenye komon reli, usiguse nati hizo na usimruhusu mtu yeyote azilegeze injini ikizunguka. Dizeli ya shinikizo lile hupenya ngozi kupitia tundu usiloliona. Mtu akipigwa, hata kama anaona alama ndogo kama ya sindano na haumii sana, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aelezwe kwamba ni dizeli iliyoingia kwa shinikizo, kwa sababu kidole au mkono unaweza kupotea kwa kusubiri hadi kesho.

Kwa tajiri, usiende na malalamiko, nenda na fimbo. Siku moja, tangi likiwa limekaushwa kwa ajili ya kusafishwa, mwombe fundi apime bomba limeachwa sentimita ngapi kutoka sakafuni na liko upande gani. Kisha jazeni lita 20, 20, mkichora alama kwenye fimbo ya mbao kila mara, kwa kila tangi fimbo yake, mpaka lita 200. Geji yako usiitegemee, hasa kama boya la tangi la zamani limehamishiwa kwenye tangi lenye kina tofauti. Mkiwa na fimbo hizo, unapoondoka na unapofika mnapima mbele ya mtu wake, na hofu yake ya kuibiwa, ambayo ndiyo hasa sababu ya kukupimia lita 250 kamili, inakuwa na dawa nyingine isiyokuhatarisha wewe.

Mwambie pia kwamba kubania Dar ili ujaze Iringa hakumpi faida. Bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hupanda kadiri mji unavyokuwa mbali na bandari, kwa hiyo dizeli ya Dar ni nafuu kwa lita kuliko ya Iringa. Lita 100 za ziada zina uzito wa kilo 84 hivi, jambo la kuangaliwa kwenye mizani ya Vigwaza ikiwa mzigo umebana, lakini kwa kawaida si kikwazo. Mimi ningekuandikia lita 350 Dar. Kama hataki kabisa, basi angalau 80 Morogoro au Mikumi, na amri kwamba hupandi Kitonga taa ikiwa inawaka.

Kabla ya safari ijayo yenye mzigo, peleka gari kwa fundi wa pampu na nozeli mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari, si yule wa kubahatisha barabarani. Akate chujio la dizeli na kulitazama ndani chini ya mwanga. Likiwa na maji, yamwagwe na tangi lisafishwe. Likiwa na vumbi la chuma linalong'aa, pampu imeanza kujila, na kuendelea kuendesha ni kusambaza vumbi hilo kwenye kila nozeli, ambapo nozeli moja tu inazidi kwa mbali bei ya dizeli yote tunayobishania hapa. Likiwa safi, na gari linawaka kwa starta moja asubuhi bila kugonga wala kutoa moshi mweupe, inaelekea sana kwamba pampu yako ni nzima. Fundi anayesema pampu imekufa kabla hajafungua hata chujio, mlipe nauli yake na utafute mwingine.